Kutoka Mwaloni Hadi Mjengoni: Mwongozo wa Tajiri Anayetaka Ubunge

Karibu tajiri, vuta kiti. Najua kilichokuleta. Makarasha yako ya kusaga mawe ya dhahabu pale Katoro, Geita, hayalali, duara lako la kuchimbia la Lwamgasa linatoa, gesti inajaa kila wikiendi, na ukiingia benki meneja anatoka ofisini kukupokea. Umebakiwa na upungufu mmoja. Watu wanakuita bosi, wanakuita tajiri, wengine wanakuita mzee na ujana bado unao, ila hakuna anayekuita Mheshimiwa. Usione haya kulitaka jina hilo. Wanaolikataa hadharani ndio wanaolitafuta usiku.

Nitakupa njia za mkato, maana za kuzunguka hutazisoma. Lakini wewe ni mtu wa bei, kwa hiyo kila mkato nitakutajia na gharama yake, na nani anailipa. Uamuzi utakuwa wako.

1. Jua mlango ulifunguliwa lini

Ungezaliwa mapema kidogo, mazungumzo haya yasingekuwepo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha. Mtu alichagua duka au uongozi. Kamba ililegezwa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, ilipokutana Zanzibar na kuruhusu yale ambayo Arusha ilikataza. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa vyama vingi, na kampeni zikaanza kudai magari, mafuta, fulana na vipaza sauti. Chama chenye mahitaji hayo kinampenda mtu mwenye kituo cha mafuta.

Mkato wa hapa ni mwepesi: usimnukuu Mwalimu Nyerere jukwaani. Kila mgombea anamnukuu, na daima yupo mzee mstari wa mbele anayeikumbuka 1967 kuliko anayekuandikia hotuba. Atakuuliza una vyumba vingapi vya kupangisha.

2. Usinunue udaktari

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akishapata fedha na kutamani siasa, kinachomuuma ni cheti. Anatafuta chuo kisichojulikana kilipo, analipa, anavaa joho, anapiga picha, na kuanzia siku hiyo anataka aitwe Daktari kabla ya jina lake. Anadhani amefunika pengo. Amelionyesha kwa kidole.

Soma Katiba, Ibara ya 67. Inataka uwe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe umependekezwa na chama cha siasa. Cheti hakitajwi. Tangu 2004 anayeomba ajira serikalini, hata ya udereva, anatakiwa awe amemaliza kidato cha nne; mbunge atakayepitisha fedha za kununulia gari la dereva huyo hadaiwi hata cha darasa la saba. Unaweza kulalamika kuwa sheria imekaa vibaya, na mimi nitakuunga mkono. Lakini kama umepita humo, pita umenyooka.

Mkato bora kuliko wote uko hapo: sema mwenyewe kabla hujasemwa. Joseph Musukuma, mfanyabiashara aliyekuwa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Geita kisha akaingia bungeni mwaka 2015 kwa jimbo la Geita Vijijini, hakusubiri mtu amchimbe. Alijitangaza kuwa yeye ni wa darasa la saba, na akawauliza wasomi wamefanya nini na elimu yao. Ukishasema hivyo, adui yako amebaki mikono mitupu.

Mwaka huohuo 2015, kwa jirani mkoani Shinyanga, Kahama Mjini ilimpeleka bungeni Dodoma Jumanne Kishimba. Naye mfanyabiashara, naye darasa la saba. Wabunge wenzake ndio waliompachika jina la Profesa. Msikilize vizuri kabla hujamwiga, kwa sababu wanaomwiga huiga lafudhi na vichekesho, wakakosa kitu chenyewe. Kishimba anachukua sera iliyoandikwa kwa lugha ya semina, anaiweka juu ya meza ya muuza mpunga wa Kahama, na anauliza inauzwa bei gani. Hoja yake inayojulikana kuliko zote ni ya elimu. Mzazi ameuza ng'ombe na shamba, miaka kumi na sita imepita, kijana amerudi na cheti, hana kazi, hawezi kuchunga wala kufanya biashara. Hasara hii inaandikwa kwenye daftari la nani? Ukumbi unacheka, meza zinapigwa, kipande cha video kinazunguka kwenye simu. Kisha kicheko kinaisha na hesabu inabaki pale pale, haijajibiwa.

Mimi sikubaliani na kila alichowahi kusema Kishimba. Shule si duka, na mtoto hakusomeshwa ili arudishe ng'ombe. Lakini namheshimu kwa jambo moja ambalo madaktari wengi wa kununua hawalijui: alikwenda bungeni na ujuzi aliokuwa nao, akautumia. Mfanyabiashara anajua bei inavyotengenezwa. Anajua mtu maskini anapoteza wapi shilingi yake ya mwisho. Ndicho jimbo linachokosa, na hakiuzwi chuo chochote.

3. Jitengenezee jina

Anza na mpira. Andaa ligi, ipe jina lako, toa jezi, na zawadi ya mshindi iwe ng'ombe dume. Kombe la chuma linakaa kabatini. Ng'ombe anachinjwa, na kijiji kizima kinakula jina lako.

Ngoma nayo ina masharti. Usukumani kuna Wagika na Wagalu, na ushindani wao ni wa tangu enzi za babu zetu. Ukikodi upande mmoja tu kwa ajili ya mkutano wako, umepoteza nusu ya uwanja kabla hujashika kipaza sauti. Kodi wote wawili, na usithubutu kutangaza nani amecheza vizuri zaidi.

Waamkie Sungusungu. Waliinuka huku huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wanaibwa na serikali haionekani. Wanajua nani analala wapi. Usiende kwao usiku na bahasha. Nenda mchana, kaa chini kama wanavyokaa wao, sikiliza.

Kisha kuna misiba. Kila mshauri atakuambia mgombea hukosi msiba, na ni kweli. Toa sanda, toa mchele, kaa na wanaume nje hadi usiku, huo ni utu kabla haujawa kampeni. Lakini huku kwetu tajiri wa dhahabu anaweza kujikuta amekaa kwenye msiba alioutengeneza mwenyewe. Unalijua duara lisilowekewa matimba. Unajua kijana anashuka na tochi kichwani, mvua imenyesha juzi, kuta zimelegea, na msimamizi anasema leo tumalize mwamba huu, mbao tutaweka kesho. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji waliofukiwa chini ya ardhi walitolewa watano wakiwa hai baada ya siku 41. Walikula mizizi na wadudu, na kunywa maji yaliyodondoka. Mmoja wao alifariki baada ya kuokolewa. Nchi nzima ilistaajabu kwamba walipona. Mimi bado nauliza kwa nini kupona kwa mtu kazini kuwe muujiza.

Kwa hiyo huu hapa mkato wangu, na ndio nafuu kupita yote kwenye orodha hii: weka matimba. Gharama ya magogo na mbao za duara moja haifiki gharama ya ligi yako ya mpira. Vijana mia wanaoshuka na kupanda salama wana mama, wake na shemeji. Hizo ni kura ambazo hukuzipigia magoti.

4. Wajumbe

Sasa tuzungumze taratibu, mlango ufunge.

Zamani kidogo, kuwalisha na kuwapa wapiga kura kulikuwa na jina zuri. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ili ukarimu wa kiafrika, takrima, usihesabiwe kuwa rushwa. Ulikuwa unaweza kulisha mtaa mzima mchana kweupe ukasema unakaribisha wageni. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake kufungua kesi. Hoja ilikuwa rahisi: mwenye fedha na asiye nazo hawagombei kitu kimoja ikiwa mmoja anaruhusiwa kupika. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea aeleze anatumia nini na amekipata wapi.

Utaniambia sheria zipo na bahasha bado zinatembea. Zinatembea. Basi tufanye hesabu ya kibiashara. Mwaka 2020 fomu ya kuomba ubunge kupitia CCM ilikuwa Sh100,000, na zaidi ya watu 10,000 walijitokeza nchi nzima. Jimbo moja lilikuwa na waomba ridhaa makumi kwa makumi. Mjumbe, yaani mwanachama anayepiga kura za maoni za chama, alipokea cha kila mmoja, akaapa kwa kila mmoja, kisha akaingia ukumbini na kura moja. Kuna mtu mzima aliyegawa fedha kwa wiki kadhaa akaondoka na kura yake na ya mkewe. Ndipo nchi nzima ikajifunza kusema wajumbe si watu wazuri. Mimi nawatetea wajumbe. Wao hawakukosea hesabu.

Na hata ukiongoza, hujapata. Kura za maoni ni maoni. Uteuzi ni wa vikao vya juu, na mwaka 2020 wapo walioongoza nyumbani majina yao yakaachwa. Wewe huwezi kununua kiroba cha mawe bila kuchukua sampuli, ukasaga, ukapima. Mjumbe ni kiroba ambacho huruhusiwi kukifungua. Ungemkuta mwanao ananunua mawe namna hiyo, ungemnyang'anya funguo za duka.

Halafu ipo gharama nyingine, ambayo haimo kwenye daftari lako. Aliyenunua kiti huingia Dodoma na deni, na deni hilo hulipwa na wengine: zabuni ya zahanati, nondo nyembamba, barabara inayochimbika masika ya kwanza. Mwanamke anayejifungulia njiani kati ya kijijini na Kahama analipa bahasha aliyopewa mjumbe asiyemjua. Hilo usilizunguke kwa maneno. Likikushinda kuliangalia, acha kugombea.

5. Kupita bila kupingwa

Mkato huu ulikuwepo: mpinzani anakosea fomu, au anaambiwa amekosea, na wewe unakuwa mbunge kabla ya siku ya kura. Mwaka 2020 walipita hivyo kadhaa. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imeubana. Aliyebaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Songa mbele.

6. Jifunze kushindwa

Matajiri hawajui kushindwa, kwa sababu kwenye biashara ukishindwa hapa unahamia pale. Kwenye siasa unashindwa mbele ya mama mkwe.

Kabla hujagombea, kariri matokeo ya Shinyanga Mjini ya mwaka 2010. Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Phillip Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti ya kura moja. Moja. Fikiria jirani aliyesema atakwenda kupiga kura akishamaliza kufua. Tangu siku hiyo, mgombea yeyote wa kwetu anayesema wale wachache tuwaache hajui anakoishi.

Ukishindwa, usikae ndani. Toka asubuhi, fungua duka mwenyewe. Wasalimie waliokunyima, wanajua umejua. Ukiona umeibiwa, nenda mahakamani ndani ya siku 30, na ushahidi wako uwe fomu za vituo zenye saini. Hasira si ushahidi. Usiwafukuze wafanyakazi waliovaa fulana ya mwenzako. Na yale mabomba ya maji uliyoanza kuyatandaza wakati wa kampeni, maliza kuyatandaza. Nimeona mitaro iliyochimbwa mwezi wa kampeni ikageuka njia ya panya na madimbwi ya mbu. Hakuna kinachomkumbusha mpiga kura alifanya vizuri kukunyima kama mtaro huo.

7. Umefika Mjengoni

Hongera. Viti ni laini, na mwishoni mwa mwaka 2011 posho ya kikao ilipanda kutoka Sh70,000 hadi Sh200,000, na Spika wa wakati huo, Anne Makinda, akaeleza kuwa maisha ya Dodoma yamepanda. Muuza maziwa wa Dodoma hiyohiyo hakupandishiwa kitu.

Hapa kuna mkato wa uvivu. Katiba inasema unapoteza kiti ukikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Kwa hiyo unaweza kukosa miwili, ukaja wa tatu, ukapiga meza, ukarudi kwenye makarasha. Wapo wanaoishi hivyo miaka mitano. Wapo pia wanaofika kila siku na hawasemi lolote, na hao ni hasara kubwa zaidi, maana tunawalipia na chakula.

Wewe usinyamaze, kwa kuwa unajua kitu. Kumbuka Januari 2019, wachimbaji wadogo walipokutana na Rais Magufuli Dar es Salaam. Walimweleza kwa nini dhahabu inavushwa mpaka kwa magendo. Mtu alikuwa akidaiwa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na ukijumlisha mrabaha, mwenye kuuza kihalali anafanya kazi ya bure. Wizara ilikuwa na wachumi miaka yote. Hesabu ile ilitoka kwa watu wa mialoni, kunakosafishwa dhahabu, na wiki chache baadaye Bunge likazifuta kodi hizo mbili kwa wachimbaji wadogo. Machi 17 mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa akazindua soko la dhahabu Geita, mwenye gramu mbili akapata mahali pa kupimiwa mbele ya macho yake. Hayo ndiyo mambo ya kusemea. Na ukisema, tangulia kutangaza kwamba na wewe unanunua dhahabu. Kanuni za Bunge zinakutaka utaje maslahi yako, na watu wa jimboni wanayajua tayari.

Nikupe mtu wa kumfuata. Kabla ya Uhuru, kijana mmoja alifanya kazi mgodi wa almasi wa Williamson pale Mwadui, kisha akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Jina lake Paul Bomani. Wakulima wa pamba Usukumani walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, kilo baada ya kilo, msimu baada ya msimu. Bomani aliwakusanya, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu wake. Akaingia pia Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha. Mwangalie alivyopanda: mizani kwanza, kiti baadaye. Hakuna aliyemuuliza amewagawia wajumbe shilingi ngapi.

8. Kibao chenye jina lako

Utakabidhiwa Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, na wewe ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Utatamani kuandika jina lako kwenye kila darasa. Najua utaandika, hakuna mwanadamu aliyeweza kujizuia. Ninachokuomba ni kimoja: chini ya jina lako andika kiasi cha fedha, chanzo chake na jina la fundi. Rangi ikimomonyoka, watu wajue wa kumtafuta.

Lakini mfuko huo ni chenji. Fedha yenyewe iko kwenye ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo ya mgodi, na kwenye mpango wa wajibu kwa jamii ambao sheria ya madini, tangu marekebisho ya 2017, inautaka upitishwe na halmashauri. Ni mabilioni ya shilingi kila mwaka. Septemba 2017 madiwani wa Geita waliziba barabara za kwenda mgodi wa dhahabu wa Geita, GGM, wakidai malimbikizo ya ushuru huo, wakapigwa mabomu ya machozi. Wewe unaingia vikao vya halmashauri kwa haki yako ya ubunge, na kusoma mkataba wa mauzo unajua. Madiwani wengi hawajawahi kusoma hata mmoja. Kaa nao, uwasomee. Kikao kimoja cha namna hiyo kinazidi madarasa kumi yenye jina lako.

Fomu ya mali na madeni nayo isikutoe jasho. Jaza mwenyewe, iwasilishe kwa Sekretarieti ya Maadili kabla ya Desemba 31, na duara la Lwamgasa uliandike, hata kama leseni iko kwa jina la shemeji.

Na swali lako la kwanza ukisimama bungeni, naomba lihusu zebaki. Unajua inavyoshikwa kwa mikono mitupu mialoni, inavyochomwa kwenye bati nyuma ya nyumba, watoto wakiwa wanacheza hatua mbili kutoka pale, wanawake wakiwa na mimba. Wewe umeitumia, umeiuza, umetajirika nayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Simama umuulize Waziri wa Madini: mchimbaji wa Lwamgasa anapewa nini badala yake, kwa bei gani, na lini. Usikae chini mpaka akutajie tarehe.